Jabali katika sarafu ya Roma

Neno jabali si geni kwetu. Ni mwamba mkubwa. Lakini yamkini ni wachache wanaojua kwamba ndugu wa neno hili liliwahi kuandikwa kwenye sarafu za Roma.

Kati ya 218 na 222, Roma ilitawaliwa na kijana aliyekuwa kuhani wa mungu Elagabal mjini Emesa, leo Homs, Syria. Wataalamu wengi hulifasiri jina hilo kuwa 'mungu wa mlima'. Sehemu ya gabal ina asili moja na jabal ya Kiarabu, yaani mlima. Sisi tulilikopa neno hilo, tukaliita mwamba.

Sasa tazama ajabu: mungu huyo wa mlima hakuwa na sanamu ya mtu. Aliabudiwa kama jiwe jeusi, pana chini na lililochongoka juu, ambalo waumini walisema lilianguka kutoka mbinguni. Kaisari yule alilipeleka Roma, na sarafu zake zinalionyesha likiwa juu ya gari la farasi wanne.

Alipouawa mwaka 222, jiwe lilirudishwa kwao. Je, lilifika? Naam. Sarafu za Uranius Antoninus, zilizotolewa Emesa mnamo 253 na 254, zinalionyesha hekaluni.

Leo jiwe lenyewe halijulikani liliko. Zimebaki sarafu na jina. Basi tusiyaone maneno ya mkopo kuwa mzigo. Mengine yamebeba historia ambayo mawe yenyewe yameshindwa kuitunza.