Supahita: bomba linalopozwa na mvuke linaoupasha

Haya jamani, leo hakuna msimbo. Au tuseme upo, lakini utauona mwishoni kabisa na ni mistari miwili tu. Leo nataka tuzungumzie historia ya mabomba, na wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la hifadhidata mnivumilie hadi wiki ijayo.

Ukiishi Wamagana, hapa Tetu, boila si kitu kigeni. Viwanda vya chai vya Nyeri, Gathuthi kikiwa jirani yetu, huchoma kuni ili kupata mvuke wa kunyausha na kukausha majani. Boila la chai lina raha moja: mvuke hutoka moja kwa moja juu ya maji yanayochemka ukaenda kazini, na joto lake huamuliwa na shinikizo. Kwenye shinikizo la ba 10 ni nyuzi kama 184 za Selsiasi, basi. Maji yakiwapo, mvuke hauwezi kupanda zaidi ya hapo. Na chuma ambacho kwa ndani kinaguswa na maji yanayochemka hakiungui, hata moto wa nje uwe mkali namna gani. Ndiyo sababu sufuria ya githeri hudumu miaka jikoni, na huharibika siku moja tu: siku maji yalipokauka na hakuna aliyeangalia.

Taabu huanza mtu anapotaka mvuke mkali kuliko huo. Katika injini ya treni, mvuke uliotoka tu kwenye maji ukigusa kuta za silinda zilizopoa kidogo, sehemu yake hugeuka maji papo hapo, na kazi yake imepotea. Dawa ni kuupitisha mvuke kwenye mabomba membamba mara ya pili, mbali na maji, ukaongezwa moto hadi nyuzi 300 au zaidi. Mabomba hayo ndiyo mafundi huyaita supahita. Akiba ya mafuta inaweza kukaribia robo, na maji hupungua pia. Kwa reli inayopita nyika kavu kati ya Voi na Mtito Andei, maji ni hesabu kubwa kuliko makaa.

Aliyefanikisha jambo hili kwenye treni ni Mjerumani Wilhelm Schmidt, aliyezaliwa 1858 na kufariki 1924. Injini za kwanza za mpango wake zilianza kazi katika reli za Prussia mwaka 1898. Mwaka ule ule simba wa Tsavo walikuwa wakiwala wajenzi wa reli yetu, na injini zilizokuwa zikivuta mataruma huko zilikuwa za mvuke wa kawaida, bila supahita. Schmidt alijaribu mipango kadhaa kabla ya kupata ule uliodumu: ndani ya boila kuna mirija mikubwa ya kupitisha moshi wa moto, na ndani ya kila mrija mkubwa unaingizwa mpira wa mabomba madogo yaliyokunjwa kama pini ya nywele. Mvuke huingia upande wa mbele, huenda hadi karibu na sanduku la moto, hugeuka na kurudi.

Hapo "karibu" ndipo pana siri ya kwanza ya ulinzi. Kona ya bomba haifiki kwenye sanduku la moto. Husimamishwa kama nusu mita au zaidi kidogo kabla ya mdomo wa mrija. Gesi inayoingia pale inaweza kuzidi nyuzi 1,000, lakini katika hatua ile fupi kuta za mrija, ambazo nje yake ni maji, huwa zimeshainyang'anya sehemu ya ukali. Ukilirefusha bomba unapata mvuke mkali zaidi na bomba la kutupa baada ya muda mfupi. Ukilifupisha linadumu, lakini umelibeba bure. Wahandisi walibishana miaka mingi kuhusu sentimita hizo.

Umbali peke yake hautoshi. Chuma cha kawaida cha bomba kikifika nyuzi 500 hivi huanza kuchoka: hakiyeyuki, hakipasuki siku hiyo, ila huvimba polepole chini ya shinikizo, ukuta unakonda, halafu siku moja unafunguka. Kinachokilinda ni mvuke unaopita ndani. Joto la ukuta wa bomba huwa mahali fulani kati ya joto la moshi na joto la mvuke, na mvuke ukienda kwa kasi huuvuta ukuta upande wake. Mvuke ukisimama, hakuna tena wa kuuvuta, na ukuta hupanda kuelekea joto la moshi. Kwa hiyo bomba hili linapozwa na mzigo wake. Kama ni seva, fikiria seva ambayo feni yake huzunguka kwa nguvu ya maombi yanayoingia. Siku hakuna maombi, inaungua. Nani angekubali kununua kitu kama hicho?

Hofu hiyo ndiyo iliyozaa vilango. Injini nyingi za mwanzo zilifungwa vibati mbele ya mirija mikubwa, vikiendeshwa na silinda ndogo ya mvuke. Dereva akifungua mvuke, vilango hufunguka na moshi hupita. Akifunga, vilango hufunga na mirija ile haipitishi moshi tena. Kwenye karatasi ni mpango safi. Kazini, kibati kinachokaa siku nzima ndani ya moshi na majivu hupinda, hukwama, na kilichokwama kikiwa kimefungwa kinakunyima supahita bila kukuambia. Huko Uingereza, John Robinson wa reli ya Great Central alijaribu kuzuia moshi kwa vijito vya mvuke badala ya vibati. Nigel Gresley alipendelea vali ndogo nyuma ya bomba la moshi, inayoruhusu hewa kuingia kwenye supahita injini inapoteremka bila mvuke. Pistoni zikiendelea kuzunguka huvuta hewa hiyo kupitia mabomba, na mabomba hupata kitu cha kuyapoza.

Mwishowe wengi waliving'oa vilango na mambo hayakuharibika sana. Kwa nini? Hili ndilo lililonifanya niandike.

Moto wa treni hauna feni. Unavutwa na mvuke uliokwisha kufanya kazi, unaotupwa juu kupitia bomba la moshi. Ile sauti ya chaf-chaf ndiyo pumzi ya moto. Sasa fuata mzunguko. Dereva akifungua mvuke zaidi, mvuke mwingi unapita kwenye supahita, na mvuke huo huo unapotoka unavuta moto uwe mkali. Akifunga, supahita inakosa mvuke wa kuipoza, lakini moto nao unakosa wa kuuvuta. Hatari na kinga zimefungwa kwenye kamba moja, na hakuna aliyelazimika kuandika kanuni yoyote. Sijui kama George Stephenson angeelewa neno "fidibaki", ila injini zake tayari zilikuwa nayo miaka sabini kabla ya Schmidt.

Kuna tundu moja katika mpango huo: kijito cha mvuke cha kuvuta moto injini ikiwa imesimama. Mchochea moto akikifungua sana stesheni, moshi mkali unapita kwenye mirija na ndani ya mabomba hakuna kinachotembea. Kwa hiyo ulinzi wa mwisho ukabaki mkononi mwa mtu: usivute moto kuliko unavyohitaji, na ukiteremka mlima usifunge mvuke kabisa, acha kidogo upite. Huo mvuke mdogo ulisaidia pia kulainisha silinda na kuzuia pistoni zisinyonye masizi.

Sasa tuje kwetu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, East African Railways and Harbours ilikuwa na mizigo kuliko uwezo wa kuivuta kutoka Mombasa. Jibu lake lilikuwa injini 34 za Garratt, daraja la 59, zilizojengwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956. Reli ya mita moja, boila lenye kipenyo cha mita 2.29! Injini nzima ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 252, shinikizo la pauni 225 kwa inchi ya mraba, na ilivuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Hakukuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hiyo kwenye reli ya mita popote duniani. Zilipewa majina ya milima: 5901 ni Mount Kenya, 5906 ni Mount Sattima. Sisi wa Wamagana tunaishi katikati ya milima hiyo miwili, lakini injini hizo zilikuwa nzito mno kwa reli nyepesi ya tawi la Nanyuki. Mount Kenya haikuwahi kupanda kupitia Karatina na Kiganjo kuuona mlima wake.

Shinikizo lile linatoa mvuke wa nyuzi 203 hivi kabla ya supahita. Zaidi ya hapo ni kazi ya mabomba, na moto wake ulikuwa wa mafuta mazito, si makaa. Mafuta yana faida ambayo wahandisi wa vilango wangeililia: makaa yaliyoshika moto hayazimiki kwa sababu dereva amefunga mvuke, lakini mafuta hupunguzwa kwa kugeuza vali. Dereva na mchochea moto ilibidi waende kama wacheza ngoma, huyu akipunguza mvuke na yule anapunguza mafuta. Kuzima kabisa nako hakufai, kwa maana hewa baridi ikiingia kwenye sanduku la moto mirija hujikunja ghafla na kuanza kuvuja. Mwali wenyewe ulielekezwa juu ya matofali ya moto ili usilambe chuma moja kwa moja.

Adui mwingine alitoka ndani. Boila likijazwa maji kupita kiasi, au maji yakiwa na chumvi nyingi hadi yakatoa povu, matone hubebwa hadi kwenye supahita. Humo hukauka na kuacha gaga, kama lile la ndani ya birika. Gaga hilo hutenganisha ukuta na mvuke unaoupoza, na bomba linaungua ingawa mvuke unapita vizuri. Kwenye njia ya reli moja gharama yake si bomba tu. Injini ikifa porini, kila treni iliyo nyuma na mbele inangoja.

Daraja la 59 liliondolewa kazini kati ya 1973 na 1980. Mbili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, ziko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nimesimama mbele ya 5918. Upana wa lile boila haueleweki kwa picha.

Kwenye mitambo ya umeme inayochoma mafuta au makapi ya miwa, kama ule Mumias iliouzindua mwaka 2009, ile kamba ya treni imekatwa. (Olkaria haimo, mvuke wake hutoka ardhini na hakuna tanuri.) Moto unapulizwa na feni za umeme, zisizojua kama mvuke unatembea. Ndiyo maana wakati wa kuwasha, vali za kutoa mvuke nje hufunguliwa kwanza, na kwa desturi moshi unaoifikia supahita hauruhusiwi kuzidi nyuzi 540 hivi mpaka mvuke utembee vya kutosha. Kanuni iliyokuwa mkononi mwa mchochea moto sasa iko kwenye programu. Kuna namna mbili za kuiandika:

kama (vali_imeagizwa_kufunguka) ongeza_moto();
kama (mvuke_unapita) ongeza_moto();

Mstari wa kwanza ni rahisi, kwa sababu agizo tayari liko kwenye kumbukumbu. Wa pili unadai kipimo cha mtiririko, nyaya, na mtu wa kukikagua. Huko Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979, taa kwenye ubao iliwaonyesha waendeshaji kwamba vali imeagizwa kufunga. Vali ilikuwa wazi, na ilibaki wazi zaidi ya saa mbili.