Chungu kilitangulia jembe

Watalii huja Kidichi kutazama hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850. Bibi yangu, aliyeishi jirani, aliniachia historia nyingine: chungu cheusi cha tako la duara, kisichosimama bila mafiga. Samaki hakumpika kwenye sufuria hata siku moja. Alipofariki tukagawana vitu vyake, na chungu hakuna aliyekitaka. Nikakichukua mimi, kwa sababu nina deni naye.

Nikiwa kidato cha kwanza nilimsomea daftari langu: watu wa kale waliwinda na kuokota matunda, wakihamahama, walipojua kulima ndipo wakatulia na kufinyanga vyungu. Akauliza, "Na samaki je? Wakimtafuna mbichi?" Nikamcheka. Nikamwambia kitabu hakikosei.

Miaka baadaye nikasoma habari za Kansyore, kisiwa kidogo ndani ya mto Kagera. Jina lake limepewa vyungu vya watu wasiolima, wavuvi na wawindaji wa kandokando ya Ziwa Victoria. Vya kale zaidi vinakaribia miaka 8,000. Ni mabakuli yaliyojaa nakshi: mfinyanzi alikanyagisha kitu chenye ncha kwenye udongo mbichi, kulia na kushoto, kikaacha mistari ya kupindapinda. Gogo Falls, magharibi mwa Kenya, vigae hivyo vimefukuliwa pamoja na mifupa ya samaki. Penye maporomoko samaki hurudi kwa msimu, na mwenye uhakika wa samaki anaweza kumiliki kitu kizito kinachovunjika.

Japani nako, watu wa Jomon, wawindaji na wavuvi vilevile, walifinyanga miaka 5,000 hivi iliyopita vyungu vyenye midomo iliyoinuka kama ndimi za moto. Ungedhani ni pambo, lakini vingine vina masizi ya kupikia.

Basi chungu hakikungoja jembe. Tuliofundishwa kwamba asiyelima hana ufundi tumewadharau watu wengi, waliokufa na walio hai. Mimi nilianza na bibi yangu mwenyewe.

Juzi nimekiteleka chungu chake, changu kwa tui la nazi. Wajomba walikula wakarambaza vidole. Hakuna aliyeuliza tena kwa nini nilikichukua.