Namna farasi wa mbio anavyokaguliwa kabla ya kushindana

MBIO za farasi huamuliwa kwa dakika chache, lakini swali la iwapo farasi yuko tayari kushindana huanza kuulizwa saa nyingi kabla ya lango kufunguliwa.

Katika uwanja wa Ngong Racecourse jijini Nairobi, ambao ulifunguliwa mwaka wa 1954, watazamaji husimama kando ya ua ambamo masaisi huwazungusha farasi kabla ya kila shindano. Wengi wao humtafuta mshindi. Daktari wa mifugo humtafuta farasi asiyefaa kukimbia.

Jambo la kwanza kutazamwa ni mwili. Farasi aliye imara huwa na manyoya yanayong'aa, macho maangavu na masikio yanayogeuka kufuata sauti. Mbavu zake za nyuma zaweza kuonekana kwa mbali, ilhali misuli ya mgongo na mapaja imejaa. Aliyenenepa kupita kiasi hubeba mzigo usiomfaa. Aliyekonda hadi uti wa mgongo ukachomoza hana akiba ya nguvu.

Pili ni utulivu. Jasho la farasi lina protini iitwayo latherini, na ndiyo sababu hufanya povu linaposuguliwa na hatamu au mapaja. Jasho kidogo siku ya jua kali si kasoro. Lakini farasi anayetokwa na povu jingi, akitupa kichwa na kukataa kuongozwa, huenda akamaliza nguvu zake kabla ya kufika langoni. Hata hivyo, wapo wanaotokwa na jasho kila mara na bado wakashinda. Kwa hivyo, mkaguzi makini humlinganisha farasi na tabia yake mwenyewe ya siku nyingine, wala si na jirani yake peke yake.

Tatu ni vipimo. Moyo wa farasi mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Mbioni waweza kupita mara 220. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za selsiasi, naye huvuta pumzi takriban mara nane hadi 16 kwa dakika. Ufizi ukibonyezwa kwa kidole na kuachiliwa, rangi yake yapasa kurejea ndani ya sekunde mbili. Aidha, kwa kuwa farasi hupumua kwa pua pekee, kikohozi au kamasi nzito si jambo la kupuuzwa. Mkufunzi naye huwa na kipimo chake cha siku za mazoezi: baada ya kwenda shoti, moyo wa farasi aliyeiva hutulia upesi kuliko wa yule ambaye bado hajaiva.

Ukaguzi mzito zaidi ni wa miguu. Farasi wa mbio huwa na uzito wa takriban kilo 500, na sehemu kubwa ya uzito huo hulemea miguu ya mbele. Daktari hupapasa kano zilizo nyuma ya mguu, chini ya goti, akitafuta joto, uvimbe au mahali panapouma. Kisha huagiza farasi aendeshwe matiti katika mstari ulionyooka. Katika mwendo huo, mguu wa mbele hukanyaga pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, hivyo kasoro haina pa kujificha. Ikiwa mguu mmoja wa mbele unauma, farasi huinua kichwa unapokanyaga chini, na kukiinamisha ule mzima unapokanyaga.

Uamuzi unaofuata waweza kuwa mchungu. Mnamo Mei 6, 2023, Forte, farasi aliyekuwa akipigiwa upatu kushinda Kentucky Derby nchini Marekani, aliondolewa na madaktari asubuhi ya shindano kwa sababu ya jeraha katika kwato la mguu wa mbele wa kulia. Wakati huo farasi kadhaa walikuwa wamekufa katika uwanja huo wa Churchill Downs kwa muda wa siku chache tu. Mage ndiye aliyetwaa taji. Mwezi uliofuata, Forte alirejea na kumaliza wa pili katika Belmont Stakes.

Si kila hatari inayoonekana kwa macho. Anthony Van Dyck, aliyeshinda Derby ya Epsom, Uingereza, mwaka wa 2019, alivunjika mguu katika Melbourne Cup ya 2020 nchini Australia, ikabidi auawe ili asiendelee kuteseka. Kuanzia 2021, farasi wanaotoka ng'ambo kushiriki shindano hilo walitakiwa kupigwa picha za CT za miguu, zinazoweza kufichua nyufa ndogo za mifupa.

Mmiliki anayemwondoa farasi wake hupoteza ada, matumaini na pengine zawadi. Lakini mguu ukivunjika katika kasi ya kilomita 60 kwa saa, anayeanguka si farasi pekee. Mpanda farasi huanguka naye, mbele ya kwato za wanaofuata. Ndiyo maana, pale ambapo daktari anabaki na shaka, farasi hurudishwa zizini.