Rubani wa Malindi

Sisi tukaao Nkunga, mbali na pwani, tulitazama filamu ya safari za Wareno baharini. Yasemwa humo kwamba Vasco da Gama alivumbua njia ya Bara Hindi. Lakini mwaka 1498 mfalme wa Malindi ndiye aliyempa rubani wa kumvusha bahari mpaka Calicut. Basi aliyeijua njia ni nani, aliyeongoza au aliyeongozwa?

Mwaka 1502 Gama alirudi na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kutoa dhahabu iwe kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji huo, kisha akaupiga Mombasa, akauteka nyara na kuuchoma moto. Malindi, waliokuwa wakishindana na Mombasa tangu zamani, waliendelea kuwa rafiki za Wareno.