Ndaye Mulamba "Mutumbula": mabao 9 na maisha yenye mashabiki wanakumbuka nusu

Kila mara Kombe la Mataifa ya Afrika (CAN) linapokaribia, jina moja linarudia ku radio na mu mabishano ya kando ya uwanja: Ndaye Mulamba. Wazee wanalitaja la kwanza. Vijana wenye hawakumuona hata siku moja akicheza wanajua hesabu moja: mabao 9. Aliyaingiza yote mu CAN moja tu, ile ya 1974 kule Misri, na mpaka leo hakuna muchezaji mwingine mwenye amefikia hesabu hiyo mu CAN ya mwaka moja.

Lakini mu yale mabishano mambo mengi yanachanganywa. Kuko wenye wanasema ni yeye alipiga ule mupira wa ajabu mbele ya Brazili. Kuko wenye wanasema alifukuzwa uwanjani juu alimupiga mwamuzi. Kuko hata wenye walisikia kama alikufa mu 1998, ku migodi ya almasi ya Angola. Yote matatu si kweli. Habari hii inaeleza alikuwa nani, alifanya nini, na mambo gani yalimupata kisha shangwe kuisha.

Mutoto wa Kananga

Ndaye Mulamba alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 11 mwaka wa 1948, Luluabourg, muji wenye siku ya leo unaitwa Kananga, mu Kasai. Jina lake la ubatizo ni Pierre. Serkali ya Mobutu ilipoita inchi Zaïre mu 1971 na kisha kuomba kila mutu aache jina la kizungu, mashabiki walimujua kwa majina yake ya kwetu: Ndaye Mulamba.

Alianzia mupira Kasai, mu Renaissance du Kasaï na mu AS Bantous ya Mbuji-Mayi, mbele ya kufika Kinshasa mu AS Vita Club. Mu 1973 Vita Club ilishinda kombe la klabu bingwa za Afrika. Mu mechi ya kwanza ya fainali, Asante Kotoko ya Ghana iliwapiga 4-2. Waliporudia Kinshasa, Vita ilishinda 3-0 na kombe likabakia mu inchi. Miezi michache kisha, wachezaji wengi wa ile ekipe walipanda ndege ya Misri pamoja na Léopards.

Sababu ya jina Mutumbula

Magazeti ya Kifaransa yanatafsiri jina hili kuwa "muuaji". Kwa mutu wa Katanga ao wa Tanganyika, tafsiri haihitajike. Mutoto alikatazwa kutembea usiku juu mutumbula atamubeba. Ni habari za tangu wakati wa wakoloni: batumbula wanapita bila kelele, wanaiba watu, wanaenda kuwafuga fasi yenye hakuna mutu anajua, na kisha wanawakula. Mutu anashituka wakati amekwisha kukamatwa.

Walinzi wa ekipe zingine walikuwa na woga wa namna ile mbele ya Ndaye. Unadhani uko peke yako na mupira, unageuka, bao limekwisha kuingia.

Misri, mwezi wa tatu 1974

Mwanzo haukuwa rahisi. Mu kundi lao Zaïre ilipiga Ginea 2-1, na mabao yote mawili yalikuwa ya Ndaye. Kisha ilipigwa 2-1 na jirani wa ng'ambo ya muto, Kongo-Brazzaville, wenye walikuwa wanashika kombe la 1972. Ushindi wa 4-1 juu ya Morisi uliwafikisha ku nusu fainali.

Ile nusu fainali ndiyo wazee wanapenda kuisimulia. Ilichezwa Kairo, mbele ya watu wa Misri wenyewe, na wenyeji walikuwa wanaongoza 2-0. Zaïre iliingiza mabao 3: mawili ya Ndaye, na moja la kapiteni Kidumu Mantantu. Misri wakatoka ku kombe lao wenyewe kwa 3-2.

Fainali na Zambia ilikuwa tarehe 12 mwezi wa tatu. Zambia walitangulia ku dakika ya 40. Ndaye alisawazisha ku dakika ya 65. Wakaongezewa muda, na ku dakika ya 117 Ndaye akaingiza la pili. Kila mutu alijua imekwisha. Lakini ku dakika ya 120 kabisa Zambia wakarudisha, 2-2. Ile siku hakukuwa penalti za kukata maneno, kwa hiyo ilibidi mechi irudiliwe kisha siku mbili. Ni fainali moja tu ya CAN yenye imerudiliwa mpaka leo. Tarehe 14, Zaïre ilishinda 2-0. Mabao yalikuwa ya nani? Ya Ndaye, ku dakika ya 30 na ya 76.

Ukihesabu nusu fainali na zile fainali mbili, aliingiza mabao 6 mu mechi 3 za mwisho, wakati kila mulinzi alikuwa amekwisha kuambiwa amuchunge. Mbele yake rekodi ilikuwa ya Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire, mwenye aliingiza mabao 8 mu 1970. Tangu hapo Kongo haijashinda CAN tena. Makombe yake ni mawili: la 1968 na lile la 1974.

Kumbukumbu za masikio

Mu 1974 televizyo ilikuwa kitu cha watu wachache, na zaidi Kinshasa na miji mikubwa. Huku ku ziwa na ndani ya inchi, mechi ilifika kwa radio. Watu kumi na zaidi walikuwa wanazunguka radio moja ya mabuye, na kama mabuye yanaisha nguvu, wanayatoa na kuyaweka ku jua. Mutangazaji akipaza sauti, kila mutu alijichorea uwanja wake mu kichwa.

Kwa hiyo kumbukumbu nyingi za Ndaye huku Tanganyika si za macho, ni za masikio. Ndiyo maana ziko na moto, na ndiyo maana pia zinachanganyika. Mwenye kusimulia anaongeza kile chenye hakuona, na mwenye kusikiliza anapeleka mbele.

Kuko pia sababu ingine ya watu wa huku kuipenda ile ekipe. Ndaye alikuwa wa Vita, lakini golikipa Kazadi Mwamba, na walinzi Bwanga Tshimen na Mwepu Ilunga, walikuwa wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Bwanga alikuwa amechaguliwa muchezaji bora wa Afrika wa 1973. Mushabiki wa Mazembe alikuwa na sababu ya kumupigia mikono mutu wa Vita bila haya.

Kadi nyekundu ya mutu mwingine

Mwezi wa sita 1974, Zaïre ilienda ku Kombe la Dunia Ujerumani ya Magharibi. Ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika ya kusini mwa Sahara kufika kule. Mechi ya kwanza walipigwa na Scotland 2-0, na haikuwa haya. Lakini mu kambi maneno yalikuwa yamekwisha kuharibika juu ya feza: wachezaji walikuwa wanadai primi zenye waliahidiwa na hazikufika ku mikono yao.

Tarehe 18, Yugoslavia iliwapiga 9-0. Mu ile mechi ndimo kosa lilimupata Ndaye. Bao la nne lilipoingia, ku dakika ya 22, wachezaji wa Zaïre walimuzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Kolombia, wakikataa. Mu ile fujo Mwepu Ilunga alimupiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi alipogeuka hakuona ni nani. Alimutolea Ndaye kadi nyekundu. Mwepu mwenyewe kisha alikubali kama ni yeye, lakini kadi haikubadilika. Mutu mwenye aliingiza mabao 9 Misri alitoka ku Kombe la Dunia juu ya teke lenye hakupiga.

Siku nne kisha, Zaïre ilicheza na Brazili na kupigwa 3-0. Ile mechi ndiyo ya ule mupira wenye dunia inacheka mpaka leo: Brazili wanataka kupiga mupira wa azabu, muchezaji wa Zaïre anatoka mu ukuta mbio na kuupiga mbali. Ule ni Mwepu Ilunga. Ndaye hakucheza ile siku, alikuwa amekwisha kufukuzwa.

Kisha shangwe

Kisha ushindi wa Misri, Mobutu aliwapokea wachezaji kama mashujaa na kuwapa zawadi za nyumba na gari. Kisha Ujerumani, mlango ulifungwa. Ndaye aliendelea kucheza Vita Club miaka mingi, lakini mupira wa wakati ule haukuacha feza ya uzee.

Mu 1994, CAN ilikuwa Tunisia, miaka 20 kisha ile ya Misri. Ndaye aliitwa kule kwa kupewa heshima. Aliporudia Zaïre, watu wenye silaha walimuvamia. Walifikiri mutu wa jina kama lake, mwenye ametoka kupewa heshima mu inchi ya kigeni, lazima amerudi na feza. Walimupiga risasi mu muguu. Ni ule muguu wenye watu walikuwa wanaimba jina lake juu yake.

Mu 1996 vita ilipoanza, alikimbia inchi. Watu wa Kalemie hawahitaji kuelezwa maana ya neno hilo. Ni mwaka ule ule kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa ng'ambo ya ziwa, mukoa wa Kigoma, kwa Wakongo wenye walivuka. Ndaye alienda kusini, akafika Afrika ya Kusini: kwanza Johannesburg, kisha Cape Town. Alikuwa mukimbizi kama wengine, bila kazi, na familia ya kule ndiyo ilimupokea.

Dakika moja ya ukimya kwa mutu muzima

Mwezi wa pili 1998, CAN ilikuwa Burkina Faso. Mbele ya mechi, watu waliombwa wasimame na kunyamaza dakika moja kwa heshima ya marehemu Ndaye Mulamba. Habari ilikuwa imetoka kama amekufa mu ajali ya mugodi wa almasi, Angola. Watu walisimama kweli na kuhuzunika kweli. Lakini ile saa Ndaye alikuwa Cape Town, muzima, akitafuta chakula cha siku.

Hapo ndipo mutu anaona nguvu ya upendo wa mashabiki, na fasi yenye unaishia. Afrika muzima ilikuwa tayari kumulilia. Mutu wa kuuliza anaishi wapi, analala wapi, muguu wake uko namna gani, hakupatikana mbele ya ule ukimya. Habari ya kufa ilienda mbio kuliko habari ya kuishi.

Miaka ilipoendelea, alianza kufundisha vijana wa ekipe ndogo za Cape Town, na akaoa kule. Mu 2010, mwaka wenye Kombe la Dunia lilichezwa Afrika ya Kusini, filamu ya habari za maisha yake ilitoka, na wengi wakajua mara ya kwanza kama yuko muzima. Mu miaka ya mwisho, ugonjwa ulimufikisha ku kiti cha magurudumu. Alikufa Johannesburg tarehe 26 mwezi wa kwanza 2019, akiwa na miaka 70. Ile mara habari ilikuwa ya kweli.

Kile chenye kinabakia

Kwa mashabiki, Ndaye anabakia ule wa dakika ya 117, wa nusu fainali ya Kairo, wa radio ya mabuye. Hiyo ni haki yake, hakuna wa kumunyanganya. Lakini mwenye kumusimulia mutoto anaweza kuongeza na ile nusu ingine: kama kadi ile ilikuwa ya mwingine, kama alililiwa akiwa muzima, kama alizeeka mbali na inchi yenye aliipatia kombe.

Karibu kila mutaa wa Kalemie, na kila cité mpaka Piana-Mwanga, uko na muzee mwenye alicheza zamani na watu bado wanataja bao lake. Wa kumuuliza namna lile bao liliingia ni yeye mwenyewe, wakati angali pale ku kiti chake mbele ya nyumba.

Tarehe za kushika

- 1948: anazaliwa Luluabourg (Kananga).
- 1973: AS Vita Club inashinda kombe la klabu bingwa za Afrika.
- Mwezi wa tatu 1974: Zaïre inashinda CAN Misri, Ndaye anaingiza mabao 9.
- Tarehe 18 mwezi wa sita 1974: kadi nyekundu ya makosa, mechi na Yugoslavia.
- 1994: anapewa heshima Tunisia, anapigwa risasi aliporudia Zaïre.
- 1996: anakimbilia Afrika ya Kusini.
- 1998: ukimya wa dakika moja Burkina Faso, juu ya habari ya uongo.
- Tarehe 26 mwezi wa kwanza 2019: anakufa Johannesburg.