Sarafu ya shaba inasomwaje, na inadanganyaje

Leo tuweke madesa pembeni kidogo, twende Roma ya kale. Kuna watu wanashika kipande cha shaba kilichojaa kutu ya kijani, wanakigeuzageuza, halafu wanakwambia hii ni ya Kaisari fulani, mwaka fulani. Sio uganga jamani, kuna utaratibu wake.

Kwanza ni ukubwa na rangi. Tangu mageuzi ya Augustus, kama mwaka 23 K.K., sestertius ilikuwa ya shaba ya njano, nzito, gramu 25 hivi. Dupondius, nayo ya njano, ilikuwa nusu yake kwa thamani. As ilikuwa ya shaba nyekundu, na nne ndio zinafanya sestertius moja. Shida ni kwamba dupondius na as zinakaribiana ukubwa, na zikishaota kutu zote rangi moja. Hapo unaangalia kichwani: tangu enzi za Nero, Kaisari akivaa taji la miale kama ya jua, mara nyingi hiyo ni dupondius.

Pili, maandishi. Kilatini chake ni vifupisho vitupu, kama meseji zetu za simu. IMP ni amiri jeshi, AVG ni Augustus, COS ni konsuli. Ukikuta jina la Vespasian na COS III, hiyo ni ya mwaka 71 B.K., maana ndio alikuwa konsuli mara ya tatu. Nyuma yake unaweza kukuta mtende, mwanamke kaketi analia, na maneno IVDAEA CAPTA, yaani Uyahudi imetekwa. Yerusalemu ilianguka mwaka 70. Yule mama hana hata jina. Kilio chake kimegeuzwa hela ya kununulia mkate sokoni.

Sasa utamu wenyewe uko kwa Carausius. Huyu alikuwa kamanda wa meli za kivita, na mwaka 286 hivi akaasi na kujitangaza Kaisari kule Britania. Makaisari halali walikuwa wawili, Diocletian na Maximian. Kwenye sarafu, herufi G zinahesabiwa: AVG ni Kaisari mmoja, AVGG wawili, AVGGG watatu. Carausius akatoa sarafu zenye PAX AVGGG, amani ya Makaisari watatu. Akatoa na nyingine yenye nyuso tatu: "Carausius na ndugu zake."

Ndugu gani? Wale hawakumtambua kabisa! Mwaka 293 walimnyang'anya Boulogne, na mwaka huohuo akauawa na mtu wake mwenyewe, Allectus. Lakini uongo wake umedumu. Mwaka 2010 kilifukuliwa chungu huko Frome, Uingereza, chenye sarafu 52,503, na zaidi ya 760 ni zake.

Kwa hiyo sisi tunaosomea ualimu wa historia tukumbuke hili: kuitambua sarafu ni kitu kimoja, kuiamini ni kingine. Sarafu haikwambii kilichotokea, inakwambia mwenye mamlaka alitaka watu waamini nini. Tukienda TP, mwanafunzi asiishie kujibu "hii ni ya nani". Aulize pia: aliyeitoa alikuwa anamshawishi nani, na kwa nini?

Naomba kuwasilisha.