Uwindaji wa kulungu katika ardhi ya umma nchini Marekani

Uwindaji wa kulungu katika ardhi ya umma ni uwindaji unaofanyika kwenye misitu na mapori yanayomilikiwa na serikali kuu, majimbo au kaunti za Marekani. Katika maeneo hayo mtu asiye na shamba lake mwenyewe anaweza kuwinda, mradi awe na leseni na afuate kanuni za mahali hapo. Anayewindwa zaidi ni kulungu mkia-mweupe (Odocoileus virginianus). Magharibi mwa nchi huwindwa pia Odocoileus hemionus, mwenye masikio makubwa. Wote ni wa familia Cervidae: madume huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine, tofauti na swala na pongo wa Afrika ambao pembe zao ni za kudumu.

Historia

Mwishoni mwa karne ya 19 kulungu walikuwa wametoweka katika sehemu nyingi za mashariki kwa sababu ya ukataji wa misitu na biashara ya nyama na ngozi. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilikataza kusafirisha kati ya majimbo wanyamapori waliouawa kinyume cha sheria. Sheria ya Weeks ya mwaka 1911 iliiwezesha serikali kuu kununua ardhi, na misitu mingi ya taifa ya mashariki ilianzishwa hivyo. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ilielekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori katika majimbo. Leo kulungu ni wengi tena, na mahali pengine wamezidi hadi kumaliza miche ya misitu na kusababisha ajali nyingi za barabarani.

Ardhi na leseni

Misitu ya taifa pekee ina takriban hekta milioni 78, na sehemu kubwa yake iko wazi kwa wawindaji. Majimbo nayo yana misitu na mapori yao. Pennsylvania ina zaidi ya hekta 600,000 zilizotengwa kwa ajili ya wanyamapori na uwindaji. Katika hifadhi nyingi za taifa, kwa upande mwingine, kuwinda ni marufuku.

Leseni hutolewa na jimbo, hata kama ardhi ni ya serikali kuu. Kila jimbo hupanga msimu, aina ya silaha na idadi ya kulungu ambao mtu mmoja anaruhusiwa kuua. Mwindaji hutakiwa kujua mipaka ya eneo, kwa sababu kuingia katika shamba la mtu bila ruhusa ni kosa katika majimbo mengi, hata anapomfuata mnyama aliyejeruhiwa.

Kujifunza

Zamani vijana wengi walifundishwa na baba au babu. Mwaka 1949 New York ilianza kudai mafunzo ya usalama kabla ya leseni, na leo karibu majimbo yote hudai hivyo kwa wanaoanza. Mafunzo hayo hayatoshi kumpata kulungu. Anayeanza hushauriwa kuchagua pori lililo karibu na nyumbani ili aweze kulitembelea mara nyingi kabla ya msimu. Huko hutafuta nyayo, kinyesi, mapito, magome ya miti yaliyosuguliwa kwa pembe, na mialoni inayodondosha mbegu ambazo kulungu hupenda kula.

Kulungu hutembea zaidi alfajiri na jioni. Ana pua kali sana, hivyo mwindaji hukaa mahali ambapo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake. Katika majimbo ya kaskazini madume hupunguza tahadhari mwezi wa Novemba, wakati wa kupandana.

Usalama

Ardhi ya umma hutumiwa na wengi kwa wakati mmoja, wakiwemo watembea kwa miguu. Kwa hiyo kila bunduki huchukuliwa kuwa ina risasi, na kidole hakiwekwi kwenye kifyatulio kabla ya wakati wake. Mwindaji hafyatui kwa kusikia sauti au kuona majani yakitikisika: ni lazima amtambue mnyama na ajue kilicho nyuma yake. Kulungu aliyesimama juu ya kilima, mbingu ikiwa nyuma yake, huachwa. Majimbo mengi hudai mavazi ya rangi ya machungwa inayong'aa wakati wa msimu wa bunduki. Wanaokaa juu ya miti hujifunga mkanda wa usalama, kwa kuwa kuanguka ni chanzo kikubwa cha majeraha.

Baada ya kufyatua

Hulengwa moyo na mapafu, nyuma ya bega, ili mnyama afe haraka. Akikimbia, mwindaji husubiri, kwa kawaida nusu saa au zaidi, kisha hufuata damu. Matumbo hutolewa mapema ili nyama ipoe, na mnyama husajiliwa kwa utaratibu wa jimbo. Nyama ya kulungu wa porini hairuhusiwi kuuzwa. Huliwa nyumbani au hutolewa kwa wahitaji.

Idadi ya wawindaji imepungua tangu miaka ya 1980. Kwa kuwa ada za leseni hugharamia sehemu kubwa ya uhifadhi, majimbo mengi sasa huwafundisha pia watu wazima ambao hawakuwahi kuwinda.